Lazima ya Felisiani

Siku tuliyomzika Felisiani kule Ganako, mzee wa kanisa alisoma habari za maisha yake kwenye karatasi. Mistari saba. Alizaliwa Oldeani, alikuwa dereva, akawa mkulima, alikuwa mtu wa watu, hakuwahi kugombana na mtu yeyote. Hapo nikaguna. Watu wakageuka. Nikaguna tena ili na waliokaa mbali wasikie. Felisiani aligombana na mimi miaka minne mizima, na mimi ni mtu.

Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe. Sina shule. Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa nimeshazaa na kumaliza. Daftari langu la kisomo lilibaki na kurasa nyeupe, nikalitunza kwenye sanduku, na kurasa zenyewe ndizo hizi. Nikikosea herufi, anayesoma atanyoosha mwenyewe.

Baba yake Felisiani alitoka Singida kuja kuchuma kahawa Oldeani kwenye mashamba ya wazungu. Alisema ni msimu mmoja tu atarudi. Akazikwa huko huko. Felisiani alizaliwa laini, kwenye yale mabanda marefu ya wafanyakazi, akakua anafagia jiko la meneja, akaosha magari, akajifunza kuyaendesha. Halafu kampuni moja ya watalii ikamchukua, akawa anashusha wageni kreta, lile shimo kubwa la wanyama. Kule kushuka si mchezo, gari linainama kama ng'ombe anayekunywa maji, na yeye alishuka miaka sita bila kumwaga mtu.

Wageni wa Kiingereza walikuwa na madereva wengi wa kuwasikia. Wafaransa hawakuwa na mtu. Felisiani akaona hapo pana nafasi. Kila safari aliuliza neno, akaliandika kwenye kijitabu chenye jalada jekundu. Lakini Kifaransa chake, aliniambia baadaye, kilikuwa cha ndani ya gari: simama, twende, simba yuko wapi, nina kiu, tunakula saa ngapi. Zaidi ya hapo alikuwa anakisia.

Mwaka wa sabini na saba mpaka wa Kenya ukafungwa. Wageni waliokuwa wakipitia Nairobi wakakatika kama maji ya bomba. Kampuni ikaegesha magari. Felisiani akarudi na shati lenye mifuko minne, buti, na kile kijitabu. Akapewa shamba kwetu Endabash, ng'ambo ya korongo langu. Watu wakamwita Mesie, bwana kwa Kifaransa.

"Mesie, njoo utupalilie!"

Naye anajibu Kifaransa, tena kirefu, halafu anakuja kupalilia vibaya. Alikuwa anashika jembe kama usukani. Chakula alikula kwangu mara nyingi kuliko kwake. Nilimpenda, sitaficha. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mwenzake anayejivuna kama yeye.

Sasa nije kwenye mwaka wa themanini na nne.

Mvua ya vuli haikuja kabisa. Mahindi tuliyokula yalikuwa ya msaada, ya njano, ugali wake unanuka gunia. Mwanangu Patrisi alikwenda Oldeani kufanya kibarua cha kahawa, akaniachia mke wake, Benedicta, na mtoto wao Eunike, mwaka mmoja na miezi. Juu ya moto wetu kulikuwa na mahindi ya mbegu. Mafungu manne, yamefungwa maganda kwa maganda, yananing'inia kwenye moshi ili wadudu wasiyaguse, meusi kama vibuyu. Hayo ndiyo yalikuwa shamba letu la mwaka unaofuata, yote.

Patrisi kabla ya kuondoka alisimama chini yake akayatazama. Akasema, "Mama, mvua ikinyesha nakuja kulima. Mbegu isiguswe." Kisha akamgeukia mke wake. "Benedicta, mbegu ikiguswa unarudi kwa baba yako."

Hakupaza sauti. Mwanangu akisema bila kupaza sauti, anafanya.

Basi mwezi ule akaja nesi wa Kifaransa kupima watoto. Jina lake Odili, sisi tulimwita Madamu. Walimpa ghala la kijiji kila Jumatano. Lilikuwa tupu, kwa hiyo lilifaa. Akafunga mizani kwenye boriti, mtoto anatiwa miguu kwenye kitu kama suruali ya turubai, ananing'inia, analia, yeye anaandika kwenye kadi. Kiswahili alijua jambo na pole tu. Felisiani akafua shati la mifuko minne akaenda kujitambulisha, na siku hiyo hiyo akawa mkalimani. Alipita kwangu jioni. Hata mwendo ulikuwa umebadilika.

"Mama Patrisi," akasema, "leo nimetumika."

Nilifurahi kwa ajili yake. Hilo nalo liandikwe.

Madamu alikuwa na ubao wa picha. Siku saba za wiki, na kila siku chakula cha mtoto kimechorwa kwa chaki chini yake: yai, samaki, maziwa, chungwa. Chungwa, Endabash, mwaka ule! Jumatano ya kwanza nilikwenda na Benedicta. Madamu akanyoosha kidole kwenye haragwe moja lililochorwa kubwa kama figo la ng'ombe, akasema, "Ariko."

Wanawake wakatazamana. Wakaitikia kwa pamoja, "Haliko!"

Madamu akapiga makofi kwa furaha. "Ariko! Ariko!"

"Haliko, mama, haliko," wakamjibu, wengine wakionyesha mikono mitupu.

Akaandika kwenye kitabu chake. Kumbe ariko kwao ndiyo maharage. Aliandika kwamba wanawake wa Endabash maharage wanayajua na wanayo. Felisiani alielewa yote mawili, cha Madamu na chetu. Nilimwona. Alitazama buti zake, akanyamaza. Nadhani alikuwa anaogopa kumharibia mzungu furaha siku ya kwanza ya kazi.

Zamu ya Benedicta ilipofika, Eunike akapimwa, sindano ya mizani ikasimama mahali pabaya. Madamu akavuta kigoda, akakaa karibu na Benedicta, akamwekea mkono gotini. Akazungumza taratibu, muda mrefu. Felisiani akasubiri amalize, akanyoosha shati.

"Madamu anasema hivi. Lazima yai moja kila siku. Lazima samaki mara mbili kwa wiki. Lazima maziwa vikombe viwili. Jumatano zijazo atapima aone nani amefanya."

Benedicta akaitikia kila lazima kwa kichwa. Mimi nilikuwa natazama ule mkono gotini. Lazima naijua sura yake. Mwaka wa kuhamia kijijini nililetewa lazima mlangoni, na kabla jua halijashuka paa la nyumba yangu lilikuwa chini. Aliyeileta hakuniwekea mkono popote.

Tukiwa njiani nikasema, "Yule hakusema hivyo."

"Mama, si umesikia mwenyewe?"

"Nimemsikia Felisiani. Madamu sijamsikia."

"Felisiani si ndiye mdomo wake?"

"Mdomo wa Felisiani naulisha mimi. Najua unavyokuwa ukishiba."

Hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto. Kesho yake fungu la kwanza la mbegu halikuwapo juu ya moto, na kwenye kapu kulikuwa na mayai kutoka kwa watu wa bondeni. Wiki iliyofuata fungu la pili likaenda kwa kambare wakavu wa Mang'ola.

Siku ile ya kambare nilimzuia mlangoni. Nilisimama hivi, mikono huku na huku.

"Benedicta, unamjua mume wako."

"Namjua, mama."

"Hii ni mbegu. Ukiila hii, mwakani mtoto atakula nini?"

"Na asipofika mwakani?" akaniuliza. Halafu akasema polepole, "Patrisi ana lazima yake, Madamu ana lazima yake. Mimi nimtii nani? Anayejua kitabu cha watoto ni Madamu."

Nikashusha mikono, akapita.

Ndipo nilipovuka korongo kwenda kwa Felisiani. Nilimkuta anapiga buti dawa.

"Nifundishe Kifaransa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mama Patrisi! Chote?"

"Chote nitakilisha nini? Nataka maneno ya yule mama anapowashauri wakwe zetu habari ya chakula. Anza na lazima. Lazima wanasemaje?"

"Ilfo."

"Ilfo." Nikaiandika kwenye daftari, i, l, f, o. "Na lile analolisema kila mara? Tudevre."

Brashi ikasimama. "Hilo nalo ni lazima. Ni lazima ya upole."

"Lazima ya upole mimi sijawahi kukutana nayo."

"Wazungu wanayo."

Nikaenda nalo nyumbani. Tudevre. Nililigeuza mdomoni siku nzima nikikoroga chakula, na kila nikiligeuza linakuja Kiswahili. Tulime, tupike, tule, tudevre. Sikiliza mwenyewe. Hiyo si lugha ya mtu anayeamrisha, ni ya mtu anayesema na wewe mkiwa mmekaa pamoja. Mtu hapigi amri akajitia na yeye ndani. Nilijua kwamba Kifaransa hakifuati Kiswahili, mimi si mjinga. Lakini sikio lilikuwa limeshakataa.

Jumatano iliyofuata iliangukia siku ya mnada Karatu. Niliamka nikakuta moshi unapanda hauna kitu cha kushika. Mafungu mawili yaliyobaki hayapo. Benedicta hayupo. Mtoto alikuwa amelala, na mama mmoja jirani akaniambia Benedicta amepanda lori la alfajiri, ameagiza nimpeleke Eunike kwa Madamu. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda ghalani nikiwa na hasira mpaka sikuhisi uzito wake. Ingawa uzito wenyewe haukuwapo.

Nilikaa mbele. Sikusalimia mtu. Nikaanza kusikiliza kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Tudevre nilisikia kwa kila mama, mara tatu, mara nne. Ilfo nilisikia mara moja tu, aliposhika sufuria na kuonyesha maji yanavyochemka, na aliposema ilfo alipiga kiganja kwa ngumi.

Felisiani aliyasema yote kwa lazima.

Zamu yangu ilipofika sikumsubiri. Nilichukua kikombe cha maji ya mtungini, ambayo hayajachemshwa, nikamwonyesha Madamu.

"Tudevre?" nikamuuliza. Nikajifanya nachemsha, halafu nikakunja bega, kama mtu anayesema akipenda.

Madamu akashtuka. "No, no! Ilfo!" Akapiga kiganja kwa ngumi.

Nikaweka kikombe. Nikaenda kwenye ubao, nikaweka kidole kwenye yai. Nikapiga kiganja changu kwa ngumi kama yeye.

"Ilfo?"

Akatazama ngumi yangu. Akamtazama Felisiani. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono akaufanya uyumbe huku na huku kama mizani yake ile. "No. Tudevre," akasema. Akaongeza maneno mengine matatu manne kwa sauti ndogo.

"Amesemaje?" nikamuuliza Felisiani.

Akatazama ubao.

"Felisiani. Mfereji wa maji ukiziba unazibuliwa. Amesemaje?"

"Amesema ingefaa," akajibu. "Amesema, kama unaweza."

Wanawake kwenye foleni walisogea karibu. Kisha mmoja akasema, "Mimi nimeuza mtetea wangu kwa maziwa." Mwingine akasema, "Mesie, mimi nilimpiga mkwe wangu kwa ajili ya yai!" Na mwingine akaanza kucheka kicheko kibaya, kile kisicho na furaha ndani.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Felisiani alisimama wima, mkono kwenye mfuko wa shati. "Mama Patrisi, nani katika nchi hii anafanya jambo akiambiwa ingefaa? Akisikia ingefaa anakwenda kulala. Akisikia lazima anainuka. Pamba lazima, choo lazima, kisomo lazima, na wewe mwenyewe umejua kuandika kwa lazima. Nilitaka watoto wapone."

"Ulitaka uonekane mkubwa."

"Na hilo," akasema.

Hilo jibu lilinikasirisha kuliko uongo wenyewe, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Nilikwenda barabarani kumngoja Benedicta. Nilimwona anatokea ng'ambo ya vumbi la lori, ndoo kichwani, anatembea kama mtu aliyebeba moto. Aliposhusha ndoo, pembeni ilikuwa inachuruzika njano. Ile barabara huijui mpaka ubebe mayai. Yaliyobaki mazima hayakufika nusu.

"Mtoto amepanda?" ndilo neno lake la kwanza.

"Amepanda kidogo." Ilikuwa kweli, sindano ilikuwa imesogea. "Benedicta, yule mama hakusema lazima. Alisema kama unaweza."

Akaketi chini pale pale barabarani, kando ya ndoo. Hakulia.

"Kama naweza?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ningemwambia siwezi," akasema. "Angeniuliza, ningemwambia siwezi, tungetafuta kingine." Akaanza kuokota maganda kwenye ndoo, moja moja, kana kwamba yanarudi.

Tangu siku hiyo nilikuwa naenda ghalani kila Jumatano hata bila mtoto. Nilisimama ubavuni kwa Felisiani. Akifungua mdomo, namtazama. Nilimwambia atanifundisha maneno ya kushauri yote, na akinidanganya moja nitajua, nimeshajua njia. Akanifundisha. Hatukuwa tunasalimiana, lakini somo lilikuwa linaendelea. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Alinipa na hili, a ta plas.

"Maana yake mahali pako," akasema. "Kama ningekuwa nimekaa pale ulipokaa wewe. Mfaransa akitaka kukushauri bila kukuudhi anaanza hapo."

"Kwa nini hukuanza hapo na wewe?"

Akafunga kijitabu.

Neno hilo nilijifunza wiki mbili, na siku nilipolitumia sikulitumia kwa mama yeyote wa Endabash. Nilimgeukia Madamu mwenyewe. "A ta plas," nikasema, na mengine nikamwachia Felisiani ayavushe, neno kwa neno, nikiwa nimemshika mkono wa shati. Nilisema: ningekuwa mahali pako, kabla ya kuchora siku saba ningeuliza nyumbani kuna nini. Nikamwambia ariko haliko. Ilimchukua muda. Felisiani alimweleza mara mbili, jasho linamtoka, na la siku ya kwanza akalikiri. Madamu akafungua kitabu chake mahali alipoandika maharage. Uso ukamwiva.

Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda, akachukua kitambaa, akafuta chungwa. Akafuta samaki. Halafu akatutia chaki mkononi. Tukachora wenyewe: majani ya maboga, mlenda, uji wa ulezi kwa mwenye ulezi, maziwa ya kuomba kwa jirani siku anapokamua, ugali wa njano uliopondwa na majani ukalainika. Michoro yetu ilikuwa mibaya, boga langu lilifanana na kichwa cha mtu. Lakini mama aliyekuja baada ya hapo aliulizwa kwanza una nini, na Felisiani alisema tudevre kwa Kiswahili chake cha kweli. Ingefaa, kama unaweza.

Kwetu ilikuwa imechelewa.

Mvua ilinyesha mwezi wa tatu, mvua nzuri ya kuudhi. Patrisi akaja na jembe begani. Aliingia, akainua macho juu ya moto. Benedicta alikuwa amekaa karibu na mlango, mtoto mapajani, na kanga yake nyingine ameshaifunga kifurushi. Alikuwa amekifunga mwenyewe, bila kusubiri kuambiwa.

"Mbegu iko wapi?" Patrisi akauliza bila kupaza sauti.

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Felisiani akainama mlangoni. Alikuwa amemwona kutoka ng'ambo ya korongo. Amevaa shati la mifuko minne, amelowa mpaka kwenye buti.

"Patrisi, ile lazima ilikuwa yangu," akasema. "Madamu hakuisema. Niliisema mimi, mke wako akanisikia. Mbegu yako nimeila mimi."

"Wewe ulipewa kazi ya kusema maneno ya mwenzio," mwanangu akamwambia, "ukasema ya kwako?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Na sasa nasema mbele yako, na mama yako, na mkeo."

Nilimjua Felisiani kwa miaka saba. Alikuwa mtu wa kukataa hata kosa la kumwaga chumvi. Nilitazama pembeni.

Patrisi alishusha jembe begani. Kisha akamwambia Benedicta afungue kifurushi. Baadaye kidogo akamwambia afunge tena, akiongeza na vitu vya mtoto. Hakumrudisha kwa baba yake. Lakini shamba halina mbegu, na mtu haketi akitazama udongo unalowa bure. Aliwachukua wote wawili kwenda Oldeani, kwenye laini, Benedicta naye akachume kahawa. Msimu mmoja, alisema. Bado wako huko. Eunike anasoma huko darasa la kwanza, ana afya, na akija kwangu sikukuu analala upande wa mlango kama mgeni.

Nilibaki na nyumba na moshi. Wiki ile ile Felisiani alikwenda Oldeani kwa miguu, akarudi na mfuko wa maharage ya mbegu na mbegu za maboga, akauweka kwenye kizingiti changu. Nilipanda. Sikusema asante. Yalipochipua alisimama ng'ambo ya korongo akapiga kelele, "Mama Patrisi! Ariko?" Nikageuza mgongo. Miaka minne nilikuwa namgeuzia mgongo. Chakula nilimpelekea, namwekea mlangoni naondoka. Sikuvuka kizingiti chake na hakuvuka changu. Madamu alishaondoka kwao, mpaka ulishafunguliwa, watalii walianza kurudi kreta, na kampuni zikachukua vijana wenye Kiingereza. Mesie hakuitwa.

Mwaka huu dada yake alimchukua kwake Ganako, akanitumia habari: Felisiani anaumwa tumbo, hali chochote, njoo. Nilipika uji wa ulezi, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaenda. Nikavuka kizingiti.

Alikuwa amebaki mifupa. Shati la mifuko minne lilikuwa limetundikwa ukutani, linaonekana kubwa kuliko yeye. Nilimimina uji kwenye bakuli, nikapoza kwa kijiko.

"Mesie," nikasema, "tudevre."

Akatabasamu upande mmoja. "Umesema vizuri kuliko mimi." Halafu akafumba macho. "Lakini hiyo hainitoshi, Mama Patrisi. Niambie ilfo."

"Siwezi."

"Niambie tu. Mimi nilikulia laini. Nikisikia lazima, mwili unainuka wenyewe."

"Neno hilo nimekugombeza kwalo miaka minne."

"Ndiyo maana nataka nilisikie kwako."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Lilikuwa neno la herufi nne, nililiandika mwenyewe kwenye daftari hili, liko pale masomo ya kisomo yanapoishia, limekaa vizuri. Nilimtazama, nikajitazama nilivyosimama siku ile ghalani mbele ya wanawake wote, na shingo yangu ikakataa.

"Tudevre," nikasema. "Kama unaweza."

Akanywa vijiko viwili, kwa ajili yangu, nikaona kabisa ni kwa ajili yangu. Cha tatu akakigeuzia uso. Nikafunika bakuli kwa kisahani nikaliacha karibu na mkono wake. Siku ya tatu wakaja kuniambia.

Kwa hiyo nimeandika. Aligombana na mtu, na mtu huyo ni mimi, na kosa alilikiri akiwa amesimama. Mimi langu sijui kama ni kosa. Nikikoroga uji asubuhi, peke yangu, huwa nalisema kwa sauti, ilfo, ilfo, nione lingenigharimu nini.